Mkono wako hausomi chupa: tunavyopima misuli hapa Chake Chake

Wiki iliyopita aliingia bibi mmoja kutoka upande wa Wete, kikapu cha ukili mkononi. Alikaa, akapumua kidogo, akaanza kuzipanga dawa zake juu ya meza yangu: ya presha, ya sukari, mbili za maumivu, kichupa cha mafuta ya habasoda, na unga aliouziwa sokoni umefungwa karatasini. Kisha akanyoosha mkono wa kulia. "Haya mwanangu, nipime. Niambie ipi mwili wangu unaitaka na ipi niiache."

Sikumpima. Tulizirudisha kikapuni moja moja, tukazungumza. Na kwa kuwa si wa kwanza kuniomba hivyo, nimeona bora niandike.

Wengi mnatujua kama watu wa kinesiolojia. Neno hilo linabeba mambo mawili. La kwanza ni elimu ya mwendo wa mwili: msuli gani unavuta mfupa gani, kiungo kinapindika kiasi gani, kwa nini mtu akiumwa nyonga goti nalo linaanza kulalamika. La pili lilianzia Marekani mwaka 1964, pale George Goodheart, mnyooshaji wa uti wa mgongo wa Detroit, alipoanza kupima nguvu za misuli ili kutafuta hitilafu za mwili mzima. Huko ndiko ilikotoka habari ya kushika chakula au dawa kwa mkono mmoja, mwingine ukasukumwa chini: ukilegea, basi ulichoshika hakikufai.

Mie nilifundishwa yote mawili, na kwa muda nilikuwa nikiyafanya yote mawili. Nilishawahi kumwambia mtu aache pweza kwa sababu mkono wake "umemkataa". Kisha mtoto wa dada yangu, yumo skuli na ana maswali mengi, akaniuliza: "Mama mdogo, na kama hujui kilichomo ndani?" Tukatafuta vichupa viwili sawasawa, kimoja akakitia sukari, kimoja chumvi. Vikiwa wazi nilipatia kila mara, sukari ikilegeza mkono na chumvi ikiuacha imara. Akavifunga gazeti, akatoka nje, akamwachia nduguye avishike bila mmoja wetu kujua kipi ni kipi. Mara 20 nilisukuma, nikapatia 11. Ningerusha sarafu ningepata hivyo hivyo. Niliinuka nikaenda kuteleka chai, sikutaka kuonana na mtu.

Baadaye nilisoma kuwa wataalamu wamefanya majaribio ya namna hiyo kwa utaratibu wa kweli, mpimaji na mpimwaji wote wamefichwa, na majibu yao yalikuwa kama yangu. Sababu si uongo wa mpimaji. Mkono unaosukuma una matarajio yake. Sukuma karibu na kiwiko, bega litastahimili; sogea mpaka karibu na kiganja, litashuka kwa nguvu ile ile. Na ukipima mara ya nne bega limeshachoka, hata ukishikishwa maji ya zamzam.

Sasa msinielewe vibaya: kupima msuli ni kazi halali kabisa. Hata wataalamu wa viungo mahospitalini wanapima, kwa daraja za 0 hadi 5. Sifuri msuli haushtuki kabisa. 3 unakinyanyua kiungo kwa uzito wake tu. 5 unahimili kusukumwa kwa nguvu. Kipimo hicho kinasema habari za msuli wenyewe na neva yake. Habari za ini, mzio au sukari hakizijui.

Nikuoneshe kinapofaa. Mama mmoja mkulima wa mwani alikuja akiumwa kiuno, kila bamvua likipita hali inazidi. Sikumlaza kwanza. Nilifunga kamba baina ya viti viwili, chini kabisa kama kule pwani, nikampa taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, nikamwambia fanya kazi yako. Alisimama magoti yamekazwa, mgongo umepinda kama upinde, uzito wote mguu wa kushoto. Nilipopima misuli ya makalio, kulia kulikuwa dhaifu wazi wazi. Tulianza na hapo: mazoezi mawili ya kuinua nyonga akiwa amelala juu ya mkeka, kupiga goti moja badala ya kuinama, na kila kamba ikimalizika asimame, mikono kiunoni, ajinyooshe nyuma. Kukanda nilimkanda pia, kwa mafuta ya nazi, maana kunapunguza ukakamavu na watu wanapenda kukandwa. (Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa yanaunguza ngozi, msijipake hivi hivi.) Baada ya wiki tano alikuwa anafunga kamba zake, analalamika kidogo tu, zaidi kuhusu bei ya mwani.

Kuna wanaokuja kwangu ambao ningependa waanzie hospitali. Aliyeanguka mkarafuuni, hata kama anatembea. Mwenye maumivu ya mgongo pamoja na homa, au miguu inayokufa ganzi, au mkojo usiozuilika. Huyo asingoje hata kesho. Sisi ni tiba ya kusaidia, na dawa ya daktari hatuipunguzi wala hatuisimamishi. Ukienda kwa mtoa tiba mbadala yeyote, mie nikiwemo, muulize kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Asiyetaka kukuonesha cheti ana lake.

Wanawake na watoto nawahudumia mie. Wanaume wanaonana na mwenzangu chumba cha pili. Tunafungua saa 3 asubuhi, Ijumaa mpaka saa 5 tu. Kikao cha kwanza ni saa nzima kwa sababu nusu yake ni kukutazama unavyotembea, unavyokaa na unavyonyanyua ndoo, kwa hiyo vaa nguo isiyobana. Dawa zako njoo nazo zote, hata ule unga wa karatasini. Nataka kusoma majina yake, kwani anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda simkandi kwa nguvu, na mwenye ya presha simwinui kitandani haraka. Ukishanionesha, zirudishe kikapuni.