Barua kwa Mama Neema, kuhusu vumbi la Japani

Katuba, Lubumbashi
12 Juni 2011

Mama Neema mpenzi,

Barua yako ilinifikia Alhamisi pamoja na kifurushi cha sambaza, wale samaki wadogo wa kwenu, na karatasi bado inanukia ziwa Kivu. Asante sana, dada. Watoto waliwamaliza kwa bukari usiku uleule. Maswali yako, kama vumbi la Japani litatufikia, kama sambaza ni salama, kama Neema apewe iodini, na kuhusu lile gari kutoka Japani, nimeyasoma mara tatu, nikangoja siku ya mapumziko ili nikujibu nikiwa nimetulia. Mwezi wa tatu niliulizwa swali kama lako, nikalijibu mbiombio, na mpaka leo linaniuma.

Ilikuwa wiki ya pili baada ya tetemeko la Japani. Ujumbe ulikuwa unazunguka katika simu: mvua itakuwa na sumu, watu wasitoke nje, wapake iodini shingoni. Jirani yangu mmoja, mama kijana mwenye mtoto wa miezi saba, alinikuta bombani. "Mama muganga, tumpe mtoto nini?" Nilikuwa natoka zamu ya usiku, ndoo iko kichwani. Nikamwambia, "Japani ni mbali, mama, achana na mambo hayo," nikapita zangu. Siku mbili baadaye wakanigongea mlango usiku wa manane. Alikuwa amemtilia mtoto iodini katika maji ya kunywa, ile dawa ya kahawia ya kuoshea vidonda. Mtoto ametapika mpaka amelegea, midomo imebabuka. Tulimkimbiza hospitali, na kwa neema ya Mungu alipona. Lakini pale barazani mama yake aliniangalia, akasema neno moja tu: "Nilikuuliza."

Kwa hiyo wewe sitakuambia kwamba Japani ni mbali. Nitakueleza.

Tarehe 11 Machi nchi ilitetemeka kwa kipimo cha 9, kisha bahari ikapanda juu ya kituo cha umeme cha Fukushima kwa mawimbi ya mita zipatazo 14. Vinu vilikuwa vimekwisha kuzimwa, ila kinu cha nyuklia si jiko la makaa. Hata kikizimwa, fueli yake huendelea kutoa joto, na lazima ipoozwe kwa maji mchana na usiku. Mashine za umeme wa akiba zilizama, pampu zikasimama, na fueli ya vinu vitatu ikayeyuka. Gesi ya haidrojeni ikajikusanya, majengo yakalipuka. Kilichotoka hapo ndicho kinachokuogopesha, na ni haki yako kukiogopa: vumbi na mvuke wenye iodini na sesiamu zinazotoa mionzi.

Unakumbuka volkano ya Nyamulagira ilipolipuka Januari mwaka jana? Waliokaa karibu na mlima walifagia majivu juu ya mabati, nawe Bukavu hukufagia kitu. Vumbi la Fukushima nalo liko hivyo. Zito lilianguka karibu, ndiyo maana watu wa kilomita 20 kuzunguka kituo walihamishwa. Jepesi lilisafiri. Tokyo, zaidi ya kilomita 200 kutoka pale, tarehe 23 Machi wazazi waliambiwa wasiwape watoto wachanga maji ya bomba, maana yalipimwa yakakutwa na bekereli (ndicho kipimo cha mionzi) 210 za iodini kwa lita, wakati mpaka wao kwa watoto hao ulikuwa 100. Kesho yake yalipimwa tena, yakawa yameshuka. Dada, napenda uone jambo hilo: walipima, wakatangaza, wakapima tena.

Upepo wa kule huvuma kuelekea mashariki, kwa hiyo sehemu kubwa ilikwenda baharini. Chembe zilizobaki hewani zilifika Marekani, kisha Ulaya, chache mno hata mashine za kupimia ndizo pekee zilizozitambua. Sisi tuko chini ya ikweta, na hewa ya kaskazini na ya kusini huchanganyika polepole sana. Huu upepo wa kiangazi unaotupiga vumbi machoni hapa Lubumbashi unatoka kusini-mashariki. Na iodini ile hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya siku 8. Nimepiga hesabu: tangu Machi 11 zimepita siku 93, kwa hiyo iliyotoka wiki ile haijabaki hata sehemu moja katika elfu mbili. Sesiamu ndiyo hukaa, huchukua miaka 30 kufika nusu, na hiyo ndiyo itakayowatesa wakulima wa Fukushima. Nawaombea kila siku.

Sambaza wako kuleni bila wasiwasi. Neema asipewe iodini yoyote. Wewe umeona wale mama wa kisiwa cha Idjwi wenye uvimbe wa shingo: tezi ile ya shingoni ina njaa ya iodini, hunyonya kila inayoipata, nzuri au mbaya. Kule Chernobyl, mwaka 1986, watoto walikunywa maziwa ya ng'ombe waliokula majani yenye vumbi, na maelfu wakapata kansa ya tezi hiyo baadaye. Vidonge vya iodini hutolewa ili kuishibisha tezi kabla ya ile mbaya kufika, na huwa na maana kwa anayekaa pale vumbi linapopita. Chumvi ya dukani yenye iodini inawatosha ninyi.

Kuhusu gari ambalo Baba Neema amelilipia, linalopitia Dar es Salaam, usimkatishe tamaa. Gari halizai mionzi, linaweza kubeba vumbi tu. Amwulize muuzaji limetoka mkoa gani na bandari gani. Likitoka Nagoya au Kobe, ni mamia ya kilomita kutoka Fukushima. Aombe karatasi ya kipimo, na likifika alioshe lote, abadilishe chujio la hewa.

Sasa nikuambie kilichonikosesha usingizi katika barua yako. Japani umeiandikia kurasa mbili. Halafu chini kabisa, mstari mmoja: mdogo wako amepata kazi ya kuchimba upande wa Likasi, analala na wenzake juu ya mifuko ya mawe ili isiibiwe.

Mama Neema, kilomita 20 hivi kutoka Likasi ndiko uliko mgodi wa Shinkolobwe. Kampuni ya Wabelgiji, Union Minière, walichimba urani pale, madini yanayotoa mionzi, na sehemu kubwa ya ile iliyotengenezewa bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, ilitoka katika udongo huo. Wajapani waliungua kwa mawe ya kwetu. Tulisoma shule nzima bila kuambiwa hilo, na nikilifikiria roho inanikaza. Kaka yangu alichimba kobalti pale mwaka 2003. Alituletea mawe mazuri, ya njano na ya kijani, mama akayapanga dirishani, watoto wakayachezea. Januari 2004 serikali ilifunga mgodi, lakini wachimbaji walirudi, na Julai mwaka uleule shimo liliporomoka likaua watu wasiopungua wanane. Mwaka 2007 madini yenye mionzi yaliyokuwa yamekamatwa yalitupwa katika mto Mura, karibu na Likasi. Mto, dada. Na mwaka ule hapa Katuba hakuna aliyenisimamisha bombani kuniuliza ampe mtoto nini.

Vumbi la kobalti na shaba ya kule linaweza kuwa na urani ndani yake. Likiwa nje ya mwili madhara yake ni madogo, likivutwa kila siku mpaka ndani ya mapafu ni habari nyingine. Mpigie simu mdogo wako leo. Mifuko itoke katika chumba cha kulala, yeye alale kwingine hata kama ni juu ya mkeka. Asile kabla ya kunawa. Asichimbe pakavu, amwagie mawe maji. Nguo za kazi asizilete kwa mke na watoto, na mawe ya rangi asiyaweke mfukoni wala asimpe mtoto yeyote.

Nami Jumamosi ijayo nitapanda basi kwenda Likasi. Nimepata boksi mbili za barakoa na kipande cha turubai. Nitumie namba yake, na uniambie jina la kambi anamokaa, nimfuate mpaka pale.

Ni mimi, dada yako,
Mama Mapasa