Faili likikataa kufunguka, tusome baiti zake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ushauri ambao wasomaji wa kurasa za teknolojia hupewa mara kwa mara faili linapokataa kufunguka, yaani kulipakia kwenye tovuti ya kubadilisha mafaili na kusubiri matokeo. Kwa ushauri huo mtu humkabidhi asiyemjua cheti chake, mkataba wake au picha za familia yake, na mwishowe bado hajui faili lilikuwa na kasoro gani. Mara nyingi kompyuta yake mwenyewe ingeweza kumwonyesha kasoro hiyo kwa mstari mmoja wa amri.

Amri ninazozisema ni zile zinazoonyesha baiti za faili kwa namba za heksadesimali, yaani mfumo wenye tarakimu kumi na sita: 0 hadi 9, kisha a hadi f. Baiti moja ni biti nane, kila biti ikiwa 0 au 1, nayo inaweza kuwa na thamani yoyote kati ya 256. Tarakimu mbili za heksadesimali, kuanzia 00 hadi ff, zinazitosha thamani hizo zote bila kuzidi wala kupungua, na ndiyo sababu mfumo huu wa kumi na sita unafaa kazi hii kuliko namba tulizozoea. Kwenye Mac, na kwenye Linux iliyowekewa programu ya xxd, mtu akiandika `xxd -l 32 barua.pdf` kwenye dirisha la amri ataona baiti 32 za mwanzo katika mistari miwili: kushoto mahali zilipo ndani ya faili, katikati baiti zenyewe, na kulia herufi zake, huku nukta ikisimama badala ya kila baiti isiyo na herufi ya kuonyeshwa.

Mwanzo huo hueleza mengi. PDF halisi huanza na 25 50 44 46, yaani %PDF; picha ya JPEG huanza na ff d8 ff; na mafaili ya zip, pamoja na nyaraka za docx ambazo kwa ndani ni zip, kwa kawaida huanza na 50 4b 03 04. Faili linaloitwa barua.pdf likionyesha 3c 68 74 6d 6c, yaani <html, basi kilichopakuliwa ni ukurasa wa tovuti, pengine ujumbe wa kosa, na hakuna kigeuzi kitakachoirudisha barua ambayo haikufika. Likianza na 4d 5a, hiyo ndiyo alama ya programu za Windows, na mwenye kompyuta ana kila sababu ya kutoligusa. Ni kweli kwamba mdanganyifu anaweza kuziiga baiti za mwanzo, kwa hiyo alama sahihi haimaanishi kwamba faili ni salama. Lakini jina la faili huigwa kwa urahisi zaidi, na ndilo watu wengi wanalolitegemea peke yake.

Jambo linalonigusa zaidi linahusu maandishi yetu ya Kiswahili. Andika `printf "ng'ombe" | xxd` nawe utapata 6e 67 27 6f 6d 62 65, baiti saba, moja kwa kila alama, ambapo 27 ndiyo ritifaa iliyonyooka ya kwenye kibodi. Sasa chukua neno hilohilo kutoka kwenye waraka ambao programu ya kuandikia imeipinda ritifaa hiyo yenyewe, ulihifadhi kwa UTF-8, mfumo wa kawaida wa kugeuza herufi kuwa baiti, kisha ulitazame: ni 6e 67 e2 80 99 6f 6d 62 65, baiti tisa. Kwa macho hutaona tofauti ya maana, lakini amri ya kutafuta maneno, grep, ikitafuta namna ya kwanza haitaiona ya pili, na orodha ya maneno itamhesabu ng'ombe mmoja kuwa wawili. Wenye kuandaa kamusi, kumbukumbu za magazeti na matini za kufundishia kompyuta Kiswahili wanaweza kupoteza kwa njia hii sehemu ya maneno yenye ng' bila ujumbe wowote wa kosa, na ukiyakodolea macho maandishi yenyewe kwenye skrini huenda usigundue kamwe.

Maelekezo yatakayochapishwa yawe sahihi, kwa sababu zipo amri zinazopotosha. Kwenye kompyuta zetu za kawaida, `hexdump` ikitumiwa bila nyongeza husoma baiti mbilimbili na kuzionyesha kwa mpangilio uliogeuzwa, hivi kwamba AB, ambayo ni 41 42, hutokea kama 4241. Msomaji aelekezwe kutumia `hexdump -C`. Amri ya zamani ya `od`, iliyokuwapo kwenye mfumo endeshi wa Unix tangu 1971, huonyesha namba za msingi wa nane isipoambiwa vingine, ila `od -An -tx1` huleta heksadesimali baiti kwa baiti, na kwa kuwa imo katika POSIX, kanuni za pamoja za mifumo ya jamii ya Unix, mtu ataikuta hata pale ambapo xxd haipo. Wala asishauriwe kutumia `cat` kutazama faili lisilo la maandishi, kwani baiti kama 1b huchukuliwa na dirisha la amri kuwa maagizo na kuivuruga skrini.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba ukurasa wako wa teknolojia utenge sehemu ndogo ya kulifundisha jambo hili kwa Kiswahili, kwa mifano ambayo msomaji anaweza kuijaribu jioni hiyohiyo. Wenye Windows waonyeshwe `Format-Hex` ndani ya PowerShell, na wenye simu za Android, ambao ndio wengi miongoni mwetu, waelezwe kwamba programu ya Termux inawapa dirisha la amri ambamo `od` hufanya kazi vilevile.

Wako,
Mwalimu wa kompyuta, Morogoro