Aliyezaliwa Jeddah anaweza kuandikwa polisi

Mhariri,

Kila msimu wa kusajili makurutu wa polisi unapokaribia, swali lile lile huzuka barazani Majengo na Kisauni hapa Mombasa: aliyezaliwa nje ya nchi anaweza kuandikwa polisi wa Kenya? Jibu la haraka huwa ni hapana, nalo ni jibu la makosa. Masharti ya usajili yanataka raia wa Kenya mwenye kitambulisho halisi mkononi. Hayaulizi kitovu chake kilizikwa wapi.

Kifungu cha 14 cha Katiba kinasema mtu ni raia wa kuzaliwa iwapo, siku aliyozaliwa, baba au mama yake alikuwa raia wa Kenya, awe amezaliwa humu au ng'ambo. Uzito uko kwenye hilo neno "au". Katiba ya zamani ilimpa uraia aliyezaliwa nje kupitia kwa babake peke yake, na wapo watu hadi leo, wengine wakiwa nyuma ya meza za serikali, wanaofikiri kwa sheria hiyo iliyokwisha kufa. Kijana aliyezaliwa Jeddah au Muscat mwaka wa 2004 na mama wa Likoni huambiwa "babako si wa hapa", ilhali kifungu hicho hicho kinawahusu pia waliozaliwa kabla ya Katiba mpya kuanza kutumika Agosti 27, 2010.

Kinyume chake nacho ni kweli. Mtoto aliyezaliwa hospitali ya Makadara, hapa Mombasa, na wazazi ambao wote si raia hapati uraia kwa sababu tu ya wodi aliyozaliwa. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, walizaa na kuzika hapa kwa miongo mingi kabla ya kutambuliwa kama raia 2016. Wapemba wa pwani yetu walingoja hadi 2023. Kabla ya hapo, kijana wao mwenye kifua na mbio hakuweza hata kupanga foleni ya makurutu.

Na mgeni hasa, yule mwenye pasipoti ya nchi nyingine na kibali cha kuishi? Huyo hapana, hata kama ukaazi wake ni wa kudumu. Lazima kwanza awe raia kwa kusajiliwa. Kifungu cha 15 kinadai awe ameishi nchini kihalali kwa miaka saba mfululizo, au awe kwenye ndoa na Mkenya kwa miaka saba. Kwa anayetegemea ukaazi, Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inaongeza kwamba awe hapa miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, aelewe na azungumze Kiswahili au lugha nyingine ya hapa, na asiwe amewahi kufungwa miaka mitatu au zaidi.

Sasa piga hesabu. Matangazo ya kuajiri makonstebo kwa kawaida yameweka umri kati ya miaka 18 na 28. Aliyeingia nchini akiwa na miaka 22 atatimiza saba yake akiwa na 29. Mlango umefungwa kabla hajabisha. Aliyeolewa akiwa na 20 atakuwa na 27, na hapo bado faili lake halijazunguka ofisini. Kwa hiyo njia hii humfaa zaidi aliyeletwa akiwa mtoto, akasomea hapa, na ambaye wazazi wake hawakuacha vibali kukatika. Mwaka mmoja wa kukaa bila kibali unaharibu huo "mfululizo".

Wengine hutolea mfano Uingereza, ambako mgeni aliyepewa kibali cha kuishi bila kikomo anaweza kuomba kuwa polisi. Ni kweli, na California iliondoa sharti la uraia kuanzia 2023, Illinois ikafuata 2024. Hata hapa petu, askari wengi wa kwanza wa Mombasa, enzi za kampuni ya Waingereza, walikuwa Wahindi. Mimi bado naona sharti la uraia libaki. Anayepewa bunduki na mamlaka ya kukamata watu awe mtu ambaye hana pengine pa kukimbilia likiharibika. Lakini hiyo ni hoja kuhusu uraia, si kuhusu mahali pa kuzaliwa.

Kuna pia utata wa uraia pacha. Kifungu cha 78 kinawazuia maafisa wa ngazi ya taifa na wanajeshi wa KDF. Inspekta Jenerali na manaibu wake wamo humo, konstebo hakutajwa. Wengi huchanganya jeshi na polisi hapo. Kinachoumiza ni kuficha: sheria inataka uraia wa pili utangazwe ndani ya miezi mitatu, na anayenyamaza anaweza kutozwa faini ya hadi Sh5 milioni, kufungwa hadi miaka mitatu, au vyote viwili.

Wanaokwama, basi, wengi hukwamishwa na karatasi. Cheti cha kuzaliwa cha Kiarabu kinahitaji tafsiri, mihuri ya nchi kilikotoka na ya ubalozi wa Kenya huko, kisha kiambatanishwe na kitambulisho na cheti cha kuzaliwa cha mzazi Mkenya. Tatizo la kwanza ni majina. Huko mtoto huandikwa majina manne: lake, la baba, la babu na la ukoo, kitambulisho cha mamake kina mawili. Khamis amekuwa Hamisi, Abdullah amekuwa Abdalla. Herufi moja hurekebishwa kwa hati ya kiapo. Jina zima likitofautiana, inabidi kubadili jina rasmi, na hilo si la wiki moja.

Tatizo la pili hawalioni mpaka limewauma. Hati nyingi za Saudia zina mwaka wa Hijria. 1425 inaanza Februari 2004 na kuishia Februari 2005. Mfasiri akikisia, cheti kinasema 2004 na pasipoti inasema 2005, na kwenye uwanja wa usajili umri wenye utata ni sababu tosha ya kuambiwa kaa pembeni. Tarehe ibadilishwe kwa siku, mwezi na mwaka, si mwaka peke yake.

Aliyesoma huko akumbuke pia kwamba kinachopimwa ni D+ ya KCSE, mtihani wa Kenya wa kumaliza sekondari, pamoja na D+ ya Kiswahili au Kiingereza. Cheti cha nje hupelekwa Baraza la Mitihani, KNEC, kulinganishwa mapema. Na slipu ya kusubiri kitambulisho haikubaliwi uwanjani.

Wanaotoa tangazo la usajili wangeweza kupunguza haya kwa kuongeza humo maneno machache: "raia wa Kenya, awe amezaliwa ndani au nje ya nchi". Kwa sasa, mzazi mwenye mtoto wa kidato cha tatu aliyezaliwa Ghuba apeleke faili Uhamiaji mwaka huu, ili siku akitimiza 18 aende kujaza fomu ya kuomba kitambulisho, 136A, na kutiwa alama za vidole, badala ya kuanza kutafuta mihuri ya Jeddah wakati tangazo limeshatoka gazetini.

Msomaji wako,
Majengo, Mombasa