Anayetaka kufundisha Rust aanze na C

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua ili nimjibu mwandishi wa makala iliyochapishwa hivi karibuni, aliyeshauri kwamba vyuo vikuu viache kufundisha lugha ya C katika kozi ya utangulizi wa lugha za kuprogramu mifumo. Alisema kwamba C ina umri wa zaidi ya miaka 50, kwamba ni ya hatari, na kwamba zipo lugha mpya zilizo salama kuliko hiyo, kama Rust na Go. Yote matatu ni kweli. Ninachokikataa ni hitimisho lake, na kwa kuwa nimeifundisha kozi hiyo kwa miaka kadhaa, mingine nikiifundisha vibaya, nadhani ninalo la kusema.

Ni vyema kwanza tukaelewana tunazungumzia nini. Lugha za mifumo ni zile zinazotumika kuandika programu ambazo programu nyingine huziegemea, kama vile kiini cha mfumo endeshi (sehemu yake ya ndani kabisa, inayosimamia mashine), viendeshi vya vifaa, hifadhidata na vivinjari. Hata anayeandika kwa Python anaiegemea C bila kujua, kwa maana kitafsiri cha Python kinachotumika zaidi kimeandikwa kwa C. Katika Python au Java mwanafunzi huumba data akaisahau, na mzoaji taka, yaani ile sehemu ya mfumo inayopita kukusanya vilivyoachwa, humfanyia usafi. Katika C hakuna wa kumzolea. Mwandishi wa programu mwenyewe ndiye anayeamua data ikae wapi katika kumbukumbu ya kompyuta, ikae kwa muda gani na iachiliwe lini, na kozi nzima, ukiondoa mapambo, ni kumfundisha kuyaamua hayo matatu.

C haikubuniwa na kamati. Dennis Ritchie aliiunda mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika maabara ya Bell nchini Marekani, kutokana na lugha ya B ya mwenzake Ken Thompson, nayo B ilikuwa imetokana na BCPL ya Martin Richards. B haikuwa na aina za data. Kila kitu kilikuwa neno moja la mashine, iwe ni namba, herufi au anwani. Ilipokuja mashine ya PDP-11, ambayo iliweza kufikia baiti moja moja, yaani vipande vidogo vya kumbukumbu vinavyotosha herufi moja, mpango huo ukaanza kubana, na Ritchie akaongeza aina. Mwaka 1973 kiini cha mfumo endeshi wa Unix kikaandikwa upya kwa C. Mimi huyasimulia haya darasani kila muhula kwa sababu yanamwonyesha mwanafunzi kwamba aina za data si adabu ya maandishi tu, bali ni jibu la swali linaloulizwa na mashine: hapa pana baiti ngapi, na zisomwe vipi? Anayelielewa hilo hashangai akiambiwa kwamba muundo, yaani kifurushi cha data kadhaa, wenye herufi moja, kisha namba kamili ya baiti 4, kisha herufi nyingine, huchukua baiti 12 katika kompyuta nyingi za leo, kwa kuwa nafasi tupu huachwa ili namba ianzie kwenye anwani inayogawanyika kwa 4, na kwamba herufi hizo mbili zikiwekwa pamoja muundo huo huo hushuka hadi baiti 8.

Chukua neno “habari”. Lina herufi sita, lakini katika C linahitaji baiti 7, kwa kuwa mwishoni huwekwa sifuri ya kuonyesha kwamba maandishi yamekoma. Urefu wenyewe haukuandikwa popote. Atakayelinakili neno hilo katika nafasi ya baiti 6 pengine hatakemewa na yeyote. Ile sifuri itaandikwa juu ya mali ya jirani, na programu itaendelea na safari yake. Kwa kosa la jamii hiyo hiyo, Novemba 1988, programu iliyotungwa na Robert Tappan Morris, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, ilijisambaza katika maelfu ya kompyuta zilizounganishwa na intaneti. Mojawapo ya milango iliyopitia ilikuwa huduma ya finger, ambayo ilisoma maandishi kwa fanksheni (kipande cha programu kinachoitwa kwa jina) ya gets na kuyaweka katika bafa, yaani nafasi ya muda, ya baiti 512. Fanksheni hiyo haina namna ya kuambiwa nafasi iliyopo ni kubwa kiasi gani, basi ikapokea baiti 536 bila kusita. Gets iliondolewa katika kanuni rasmi za C mwaka 2011, miaka 23 baadaye, na tatizo halikuondoka nayo. Mwaka 2014 kosa la Heartbleed katika OpenSSL, maktaba ya programu inayotumika kuficha mawasiliano ya intaneti, lilimwezesha mtu aliye mbali kusoma hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva kwa kila ombi, kwa sababu tu programu iliuamini urefu iliotajiwa bila kuupima.

Mwandishi wa makala atasema kwamba nimemsaidia hoja. Ni kweli, na naweza kumwongezea nyingine: mwaka 2019 Microsoft ilieleza kwamba takriban asilimia 70 ya udhaifu wa kiusalama inaourekebisha kila mwaka katika bidhaa zake hutokana na makosa ya kumbukumbu. Kama swali lingekuwa ni lugha gani itumike leo kuandika programu mpya itakayobeba siri za watu, nisingeandika barua hii. Lakini swali lililo mbele yetu ni namna ya kumfundisha mtu ambaye bado hajui kumbukumbu ni nini.

Mwaka mmoja nilifanya kama anavyoshauri. Niliifuta C katika ratiba, nikaanza na Rust wiki ya kwanza. Rust ni lugha ninayoipenda. Graydon Hoare aliianza mwaka 2006, toleo la 1.0 likatoka mwaka 2015, na tangu Desemba 2022, katika toleo la 6.1, kiini cha mfumo endeshi wa Linux kimeanza kuikaribisha. Msingi wake ni umiliki: kila data ina mwenyewe mmoja, mwenyewe akiondoka data huachiliwa, na wengine wanaweza kuiazima kwa masharti, ama wengi kwa kusoma tu, ama mmoja peke yake kwa kuibadilisha. Kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mwandishi kuwa lugha ya mashine, huyakagua masharti hayo kabla programu haijaendeshwa. Wanafunzi wangu waliyakariri vizuri. Kilichofuata ni kwamba kila kompaila ilipowakatalia waliongeza neno clone, ambalo huagiza nakala nyingine itengenezwe, hadi ikanyamaza. Programu zao zilikubaliwa, zikatoa majibu sahihi, na hakuna hata mmoja aliyeweza kunieleza kwa nini alikataliwa mara ya kwanza. Kwao kompaila ilikuwa bawabu mkorofi wa kubembelezwa. Muhula huo niliuharibu mimi, si wao.

Sasa naanza na C kwa wiki nane, na zoezi la kwanza la Rust ni marudio ya zoezi ambalo tayari limewatesa. Zoezi lenyewe ni safu inayokua, yaani orodha ya namba zilizopangwa mfululizo katika kumbukumbu. Mwanafunzi huomba nafasi ya namba 4 kwenye hipu, yaani lile eneo la kumbukumbu linalogawiwa kwa maombi na kurudishwa kwa hiari ya mwombaji, tofauti na staki, ambako vitu vya fanksheni huondoka fanksheni inapomaliza. Nafasi ikijaa, huomba kubwa zaidi kwa fanksheni ya realloc. Kisha mimi humwambia ashike kielekezi, yaani anwani ya mahali katika kumbukumbu, cha namba ya kwanza, aongeze namba nyingine kumi, halafu asome kupitia kile kielekezi cha zamani. Mara nyingine hupata jibu sahihi, kwa kuwa safu ilipata nafasi ya kupanuka pale pale ilipokuwa. Mara nyingine safu huwa imehamishiwa pengine, na kielekezi kimebaki kuonyesha nyumba ambayo mwenyewe amekwisha kuhama. Mwanafunzi mmoja alinijia kwa hasira, akisema kwamba programu yake ilifanya kazi kwenye kompyuta yake na kuvunjika kwenye kompyuta ya kusahihishia, na kwa hiyo ile ya kusahihishia ndiyo mbovu. Tulikaa saa nzima tukichapisha anwani za kumbukumbu, moja kabla ya kila ongezeko na moja baada yake, hadi akaiona safu yake inahama. Wiki ya tisa alipoandika jambo hilo hilo kwa Rust, kompaila iliukataa mstari wa kuongeza namba, ikaeleza kwamba safu haiwezi kubadilishwa wakati sehemu yake bado imeazimwa. Hakuongeza clone. Alicheka.

Lipo pia jambo ambalo C huliweka wazi na lugha salama hulificha, nalo ni kwamba kompaila haifasiri neno kwa neno. Kanuni rasmi za C zimeacha mambo mengi katika kundi linaloitwa tabia isiyobainishwa, kama vile kuongeza 1 kwenye namba kamili ya biti 32 yenye alama (inayoweza kuwa chanya au hasi) ambayo tayari imefika 2,147,483,647, na kompaila inaruhusiwa kudhani kwamba mwandishi hatafanya hivyo kamwe. Mwaka 2009 dhana ya aina hii ilizaa udhaifu katika kiini cha Linux. Kiendeshi cha mtandao kiitwacho tun kilisoma kwanza kupitia kielekezi, kisha ndipo kikauliza kama kielekezi hicho ni tupu, yaani hakielekezi popote. Kompaila ikahitimisha kwamba kama kimekwisha kusomwa basi hakiwezi kuwa tupu, ikalifuta swali lote. Kila mstari ulionekana wa busara ukiusoma peke yake. Anayedhani kwamba Rust itamwepusha daima na visa vya namna hii akumbuke kwamba ndani yake zipo sehemu ziitwazo unsafe, ambamo mwandishi huruhusiwa kutumia vielekezi visivyokaguliwa, na jukumu likarudi mikononi mwake. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngama ya fani yetu ni kumbukumbu.

Kuhusu Go, ambayo mwandishi aliitaja pia, ni lugha nzuri ya kuandikia huduma za mtandao, lakini ina mzoaji taka, na hivyo inatuondolea lile hasa tunalotaka kulifundisha.

Nakubaliana naye kabisa katika jambo moja, nalo ni zito kuliko alivyolieleza: C inavyofundishwa mahali pengi haifai. Mwanafunzi hupewa mifano iliyoandikwa kama vile bado tupo mwaka 1989, huachwa apitishe programu zake kwenye kompaila bila kuwasha maonyo yake, na husahihishwa kwa kulinganisha majibu yaliyotoka kwenye skrini na majibu ya mwalimu. Zana kama Valgrind na AddressSanitizer, ambazo humwonyesha mstari ulioandika nje ya mipaka au uliosoma kilichokwisha kuachiliwa, huzisikia akiwa tayari ameajiriwa, kama amebahatika. Nimewahi kusikia mhadhiri akisema kwamba zana hizo zinamdekeza mwanafunzi. Sielewi anataka mwanafunzi ajifunze nini kwa kuziba macho. Kwangu zinatumika kuanzia wiki ya kwanza, na zoezi linalotoa jibu sahihi huku Valgrind ikilalamika hupata nusu ya alama, hata mwenyewe akilia.

Mtihani wa mwisho nao nimeubadilisha. Zamani niliwataka wanafunzi waandike programu kwenye karatasi, jambo ambalo lilipima mwandiko kuliko uelewa. Siku hizi huwapa programu ya C yenye mistari kama 40, inayotoa jibu sahihi kila ilipoendeshwa kwenye kompyuta yangu, na swali ni moja: kwa nini jibu hili ni sahihi kwa bahati tu? Sehemu ya pili huwataka waseme ni mstari upi ambao Rust ingeukataa, na kama hakuna, waeleze kwa nini. Ningefurahi kama mwandishi wa makala angenitumia, kupitia kwako Mhariri, swali la mtihani ambalo yeye angewapa wanafunzi wasiowahi kukigusa kielekezi, ili nilijaribu muhula ujao.

Wako mwaminifu,

Mhadhiri wa sayansi ya kompyuta