Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Tanga

Ndugu wanachama, asalaam aleykum, na Tumsifu Yesu Kristo.

Hesabu mtasomewa na mweka hazina, na orodha ya mikopo ya mama lishe imebandikwa ukutani hapo nyuma. Nyumba zetu za wageni za Ngamiani na Chumbageni zimepata mwaka wa wastani. Bandari imetubeba: tangu ghati zichimbwe hadi kina cha mita 13, meli zinafunga ghatini badala ya kupakulia nangani kwa matishari, na madereva wa malori wanalala mjini. Hayo yanatosha, maana lipo jambo lililotugawa mwaka mzima.

Baadhi yenu mmependekeza tutoe fedha za mfuko wa akiba, tununue viwanja Likong'o, Lindi, tujenge nyumba ya wageni kabla kiwanda cha kusindika gesi hakijaanza. Mnasema waliowahi viwanja Chongoleani, bomba la mafuta linapoishia, ndio waliofaidi, sisi tukabaki kuangalia. Ni kweli. Hata hivyo kamati imelikataa pendekezo hilo, na sababu yetu ni bei ya gesi duniani.

Bomba hilo la kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, lilipata uamuzi wa mwisho wa uwekezaji, yaani wenye mradi kukubali rasmi kutoa fedha na kujenga, Februari 2022. Fedha zimeshazama ardhini. Bei ya mafuta ikianguka kesho, wenye mradi watanung'unika, lakini bomba hawaling'oi. Lindi hawajafika hapo. Gesi ipo, tena nyingi: nchi nzima inahesabiwa futi za ujazo trilioni 57, sehemu kubwa ikiwa chini ya bahari kuu. Shida ni kuisafirisha. Gesi haimwagwi melini kama mafuta. Lazima ipozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, igeuke kimiminika, ipungue ujazo mara 600 hivi, ndipo ipakiwe. Mtambo wa kazi hiyo umekuwa ukitajiwa dola bilioni 30, baadaye 42. Hakuna benki inayotoa fedha hizo mpaka ione wanunuzi waliojifunga kwa miaka 15 au 20. Na gesi ikiwa rahisi sokoni, mnunuzi ajifunge ya nini? Anaomba mkataba mfupi, anaomba punguzo, anasubiri.

Tazameni ilivyokuwa. Mwaka 2020 bei ya gesi hiyo Asia ilishuka chini ya dola 2 kwa BTU milioni moja, kipimo cha nishati kinachotumika kuuzia gesi. Januari 2021, Equinor, kampuni ya Norway iliyo mmoja wa washirika wa mradi wa Lindi, ikafuta dola milioni 982 za thamani ya mradi huo katika vitabu vyake. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, bei ikapita dola 70, na Juni ya mwaka huohuo makubaliano ya awali ya mradi wa Lindi yakasainiwa Dodoma. Sidhani ni sadfa. Baadaye bei ikateremka tena, na mazungumzo nayo yakapoa. Si sisi peke yetu: mwaka 2017 Petronas, kampuni ya mafuta ya Malaysia, waliuacha mradi wao mkubwa wa Kanada wakitaja hali ya soko. Na ushindani unaongezeka. Marekani ilishika nafasi ya kwanza kwa kuuza nje gesi hii ya kimiminika mwaka 2023, na Qatar inapanga kutoka tani milioni 77 kwa mwaka hadi 142 ifikapo 2030.

Mzee mmoja alinibana kwenye kikao cha robo mwaka: mkonge wa Tanga ulikuwa umeshapandwa, mbona bei iliposhuka mashamba yalikufa? Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa. Mkonge ulikula fedha kila siku: wakataji, matrekta, korona, yaani mashine za kuchakata majani yake. Mtambo wa gesi hula fedha nyingi wakati wa kujengwa, ukishasimama uendeshaji wake ni nafuu, kwa hiyo huendelea hata bei ikiwa mbovu. Si daima lakini. Katikati ya mwaka 2020 wanunuzi waliacha shehena zaidi ya 100 za Marekani, wakaona heri walipe ada ya mtambo kuliko kuichukua gesi yenyewe.

Nimalizie na dalali wetu wa Likong'o, anayetutumia picha za minazi kila wiki. Kila redio ikitaja gesi, anapandisha bei ya kiwanja. Bei ya gesi ikishuka, hashushi. Mwanachama anayetaka kununua kwa fedha zake ana ruhusa yake, kamati haimzuii.

Kamati inashauri mfuko wa akiba usiguswe mpaka uamuzi wa mwisho wa uwekezaji wa Lindi utangazwe. Tangazo la mazungumzo kukamilika halitoshi, hilo tulishalisikia Mei 2023. Pendekezo litapigiwa kura baada ya mweka hazina. Wenye deni la ada la zaidi ya mwaka mmoja watasikiliza, hawatapiga kura.