Barua kwa mwanangu: kadi yako ya kliniki

Mwanangu mpendwa,

Nilikuwa nafuta vumbi kabati lako, daftari likaanguka na kadi ya kliniki ikatoka ndani, imekunjwa mara nne. Sikupekua. Tarehe ya kupima shingo ya kizazi imepita miezi saba. Chini yake nesi kakuandikia nyingine, nayo imepita.

Mwezi ujao unatimiza 35. Tangu 2020 Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba ifikapo 2030 wanawake 70 katika kila 100 wawe wamepimwa kabla ya kufika umri huo huo, na wapimwe tena kabla ya 45. Usiniambie huna dalili. Karibu saratani zote za shingo ya kizazi huletwa na virusi vya HPV, na kwa mwenye kinga nzuri huchukua kama miaka 15 hadi 20 mpaka saratani itokee. Muda wote huo mtu hasikii kitu. Mabadiliko yakionekana mapema, kabla hayajawa saratani, hutibiwa, mara nyingi unarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Lakini haya unayajua kuliko mimi. Bibi yako hukuwahi kumkosesha kliniki hata mwezi mmoja, mvua inyeshe jua liwake, na nilijivunia mbele za watu. Sasa unashindwaje kujipeleka mwenyewe?

Nimeandika hivyo, nikaweka kalamu. Bibi alikuwa na wewe. Wewe umekuwa na nani?

Yaliyotokea mwaka jana sitayarudia. Najua benchi lile la kliniki ndilo ulilokalia ukisubiri majibu yale. Najua hulali, na mtu asiyelala tarehe humpita hivihivi. Huzuni ikikaa sana humfanya mtu aone mwili wake hauna haja ya kuangaliwa. Huo si uzembe, na nimekuita mzembe mara nyingi mno. Sonona nayo inatibika, mwambie nesi usingizi umekukimbia. Usimfiche.

Mimi nilifika getini mara mbili nikageuza. Mara ya tatu mama yako mdogo alinifuata, akanishikia mkoba, akakaa nje ya mlango akinisemesha mambo ya vitambaa mpaka nikatoka. Kipimo hakikufika dakika tano. Mimi nilipata wa kunishikia mkoba, na wewe ulipokuja kwangu ukilia nikakuambia ujikaze. Neno lile ningelirudisha kama lingerudi.

Kwa hiyo nakuja. Ukitaka niingie, nitaingia. Ukitaka nibaki nje, nitabaki na sitauliza kitu. Kama kinachokutisha ni kile kitanda, waulize kama wana kipimo cha HPV cha kujichukulia sampuli mwenyewe, faraghani. Baadhi ya sehemu kipo siku hizi. Ila usiende peke yako, mwanangu, na usiache kwenda.

Mdogo wako amechukua viatu vyako vyeusi, anasema ulimruhusu. Cherehani imekwama tena. Bomba la jikoni linavuja, nimeweka ndoo chini na usiku mzima nasikia matone, ndiyo maana nakuandikia saa hizi.

Nitajie siku tu. Jumanne au Alhamisi, maana Jumatano fundi bomba anakuja na siwezi kutoka. Kadi yako nimeinyoosha, iko ndani ya mkoba wangu.

Mama yako