Barua Pepe Zimerudi, Kalenda Iko Wapi?

Wateja wengi wanaotuletea kompyuta baada ya kubadilisha toleo la Outlook, programu ya Microsoft ya barua pepe na kalenda, hutueleza jambo lile lile: barua pepe zote zimerudi, lakini kalenda ni tupu. Hatuwalaumu kwa kudhani kwamba vitu hivi viwili husafiri pamoja, kwa kuwa vinakaa katika programu moja. Hata hivyo, akaunti ya IMAP, yaani njia ya kawaida ya kusoma barua pepe, huleta barua peke yake kutoka kwenye seva (kompyuta ya mtoa huduma). Miadi, vikao na vikumbusho hubaki ndani ya kompyuta vilikoandikwa. Kuanzia Outlook 2013, anayeifuta akaunti ya namna hiyo ili aianzishe upya huifuta na kalenda iliyohifadhiwa chini yake. Wenye akaunti za Exchange au Microsoft 365, huduma za Microsoft zinazotumika sana maofisini, wana nafuu, kwani kalenda yao iko kwenye seva na hurudi yenyewe wakishaingia.

Kwa wengine wote, njia tunayoiamini ni kuitoa kalenda na kuiweka katika faili la PST, ambalo Outlook huhifadhia barua na kalenda, kisha kuliingiza katika toleo jipya la Outlook ya kawaida ("classic"). Matoleo ya Outlook 97 hadi 2002 yaliandika PST ya muundo wa zamani, isiyozidi GB 2. Toleo la 2003 lilileta muundo mwingine, ambao matoleo yaliyotangulia hayawezi kuufungua. Toleo jipya husoma faili la zamani bila taabu, ila usitarajie kurudi nyuma.

Tunawasihi wateja wetu wasitumie CSV, faili la maandishi matupu yaliyopangwa kama jedwali, kuhamisha kalenda, ingawa inavutia kwa sababu inafunguka katika Excel na kila kitu kinaonekana. Chukua kikao cha wafanyakazi cha kila Jumatatu saa 3 asubuhi. Katika kalenda ya asili hicho ni kitu kimoja chenye kanuni ya kujirudia, lakini CSV hukikatakata kuwa miadi mojamoja, tena ndani ya tarehe ulizochagua tu, na zilizo nje ya hapo haziji kabisa. Siku mkurugenzi atakapokisogeza kikao hadi saa 4, katibu atalazimika kurekebisha kila Jumatatu ya mwaka kwa mkono.

Kabla ya kuingiza faili lolote, hakikisha kompyuta mpya imewekwa majira ya Afrika Mashariki, kwani mashine nyingi hufika zikiwa bado na saa za Marekani. Miadi ya siku nzima huhifadhiwa kama muda unaoanzia usiku wa manane hadi usiku wa manane unaofuata, kwa hiyo Siku ya Nyerere uliyoiandika tarehe 14 Oktoba hapa Dar es Salaam, ikifunguliwa katika kompyuta yenye saa za California, itaanza saa 8 mchana wa tarehe 13 na kuenea siku mbili. Ukiona hivyo, rekebisha saa za kompyuta kwanza, wala usiguse miadi yenyewe.

Jambo jingine linalotuumiza ni haraka ya kusafisha kalenda ya zamani. Vikao ulivyowaalika watu usivifute kwenye kalenda ya zamani, kwa sababu programu inaweza kuwatumia waalikwa taarifa kwamba kikao kimefutwa. Sisi huliacha faili la zamani kama lilivyo, tukalinganisha kalenda zote mbili mwezi kwa mwezi mbele ya mteja. Ukija dukani, njoo na kompyuta zote mbili, pamoja na nywila ya akaunti yako utakayoiandika mwenyewe.